Masale ya Msimbati

Ijumaa, 30 Mei

Nimeagwa. Kuanzia leo ni mstaafu, sina kengele wala zamu.

Sherehe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kidato cha pili waliimba. Mkuu wa shule akasoma hotuba ambayo nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine – alinisifu kwa kuanzisha bustani ya shule, na mimi bustani ile sijawahi hata kung'oa gugu moja. Nikapiga makofi pamoja na wengine. Nani anakataa bustani ya bure?

Kisha zawadi. Mshereheshaji akasema Mwalimu Felista afumbe macho. Nikafumba. Kufumbua – begi! La magurudumu, la zambarau, kubwa kiasi kwamba mtu mzima akijikunja analala ndani. Ukumbi mzima ukashangilia. La kurudia nyumbani hilo, Mwalimu. Kilimanjaro hiyo. Sisi tuachie korosho zetu.

Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Mathayo alilibeba mpaka kwenye bajaji. Nyumbani akaliweka chumbani kando ya kabati, akalitazama kidogo, kisha akaenda kumwagilia mchicha wake. Mume wangu akiwa na neno zito humwagilia mchicha. Leo ameumwagilia mpaka ukalala.

Jumapili, 1 Juni

Misa ya kwanza. Kila niliyempa mkono aliniuliza mnarudi lini.

Hapa Mtwara sisi watu wa kuja ndivyo tunavyosalimiana. Walimu, manesi, watu wa bandari. Unafika na godoro lako, kamba hujafungua, mwenzako anakuuliza unarudi lini. Wengi kweli hurudi. Joto huwashinda, au umbali. Sisi tulikuja vijana, Mathayo kapangiwa bandarini, tukasema tunakaa kidogo. Mvi zangu zote zimeotea hapa. Nyumba ya kupanga Magomeni tumeizoea hadi mwenye nyumba akija anabisha hodi kama mgeni.

Nikawa nawajibu: karibuni, Mungu akipenda. Mathayo alikuwa pembeni yangu. Mchana mchicha ukanywa tena maji.

Jumatano, 4 Juni

Gladness amepiga simu kutoka Arusha. Anataka tarehe. Baba mdogo, anasema, ameshapaka chokaa chumba chetu, na migomba ya mbele ameipunguza ili jua liingie. Binti yangu huyu anatupangia maisha kama ratiba ya mitihani.

Chumba chetu. Kipo kwenye shamba la ukoo, kihamba cha Innocent, mdogo wake Mathayo. Kwetu Kibosho ndivyo ilivyo: mtoto wa kiume wa kwanza hukatiwa shamba lake mapema, kitinda mimba hurithi kihamba cha baba pamoja na nyumba, na wa kati hupewa baraka na nauli. Mathayo ni wa kati. Innocent ni mtu mwema, hajawahi kutunyima pa kulala. Lakini tukienda Krismasi, mume wangu huomba ruhusa kabla ya kukata mkungu wa ndizi. Mtu mzima, mwenye mvi. Naona. Huwa najifanya sioni.

Ila Baraka yuko pale.

Mtoto wetu wa kwanza. Homa ilimchukua hapa hapa Mtwara, kabla hajajua kusema vizuri. Tukampeleka kwao, kama inavyopasa; barabara enzi zile ilikuwa tope tupu mpaka Rufiji. Amelala nyuma ya nyumba, jirani na babu yake, na kichwani kwake pana isale – jani letu la kijani, la kaburi na la mpaka. Kila Krismasi napalilia pale. Wanawake wa Kibosho wakinipita wananiita Mama Baraka. Huku Mtwara naitwa Mama Gladi, na wengi hata hawajui kama kulikuwa na mwingine kabla ya Gladi.

Nataka kulala pale, karibu yake. Nimeliandika, basi, liko wazi.

Wakati wa kula Mathayo akasema kuna mahali anataka kunionyesha. Msimbati. Nikamuuliza kuna nini. Akasema nitaona. Tangu astaafu amekuwa akienda Msimbati mara kwa mara, kwa Hashimu, rafiki yake wa tangu bandarini. Mimi nilijua wanavua. Samaki mwenyewe huleta mara chache, na mara nyingine bado yuko kwenye mfuko wa duka.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Tumekula kwa Zuhura jirani, pilau na mbuzi, mpaka nikafungua kifungo. Zuhura kwao ni Mahurunga, Hashimu ni kaka yake aliyeoa Msimbati. Naye alikuwepo, kavaa kanzu, kanyooka.

Safari imepangwa: Alhamisi, kwa boti ya Hashimu. Nikauliza kwa nini tusipande gari, kwani Msimbati barabara haifiki? Mathayo akasema anataka nipaone kwa mara ya kwanza kutoka baharini.

Zuhura akaacha kula. "Kwa kusi hili? Kaka, unampeleka wapi ntoto wa watu?"

Hashimu akasema asubuhi bahari huwa imelala, tutakwenda na kurudi kabla haijaamka. Zuhura akasema bahari ya mwezi huu hailali, inasinzia tu.

Mimi nimefundisha Jiografia maisha yangu yote. Nimechora kusi na kaskazi ubaoni kwa mishale ya chaki. Nimechora mdomo wa Ruvuma, mikoko kwa chaki ya kijani, mpaka wa Msumbiji kwa vitone. Na sijawahi kupanda chombo chochote zaidi ya kivuko cha Msangamkuu, ambacho ukikohoa umeshafika. Nikasema nitakwenda. Sikutaka Zuhura ajue kwamba naogopa.

Jumanne, 10 Juni

Upepo. Mabati yanapiga makofi. Mathayo anasema ni wa nchi kavu tu, baharini ni tofauti. Namuuliza tofauti kivipi. Anamwagilia mchicha.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike kabla nywele hazijakauka, kwa sababu zikikauka nitaanza kusema haikuwa mbaya.

Tulitoka alfajiri pale karibu na feri. Boti ya faiba, mashine moja nyuma. Mizigo: kiroba cha unga, mabati machache, na godoro jipya la Asia, mke wa Hashimu, limefungwa nailoni. Nikakalishwa juu ya godoro kama bibi harusi. Jaketi okozi langu kifungo kilikuwa kimekatika, Hashimu akanifunga kamba. Zuhura alikuwa amenipa ndimu ya kunusa na mausia: tazama mbali, usitazame ndani ya chombo, ukitapika tapikia upande upepo unakokwenda.

Ndani ya ghuba maji yalikuwa shwari. Nikaanza hata kujisikia vizuri. Meli za bandarini, minara, Shangani inarudi nyuma. Nikamwambia Mathayo, kumbe si kitu.

Tukaipita ncha ya Msangamkuu.

Pale bahari inabadilika, haikupi hata salamu. Boti ikainuka, ikainuka – halafu chini pakawa hapana kitu – pa! Meno yangu yaligongana. Ikainuka tena. Mawimbi yalitujia usoni, kila moja na maji yake ya kutumwagia. Nailoni ya godoro ikapasuka, godoro likaanza kunywa. Nikanusa ndimu. Nikaikamua. Mwisho nikaila na maganda yake, na muda si mrefu nikairudisha baharini, upande ambao upepo ulikuwa unatoka. Mausia yote ya Zuhura nilikuwa nimesahau.

Niliinua uso kumtafuta Mathayo nimlaumu. Alikuwa amesimama mbele, kashika kamba, amelowa chapachapa, anacheka. Si kwamba ananicheka mimi. Alikuwa anacheka tu, peke yake, kama yule kijana aliyekuja kunichumbia na koti la kuazima. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo kwa muda mrefu. Kibosho hachekagi hivyo. Nililiona hilo hata katikati ya kutapika, nikakasirika zaidi.

Baadaye tukaingia nyuma ya miamba, ghuba ya Mnazi, na ghafla maji yakawa ya kioo. Mchanga mweupe. Minazi. Upande wa kusini, mbali, mstari mweusi wa mikoko. Hashimu akanionyesha kwa kidevu: kule ndiko Ruvuma inamaliza safari. Ubaoni nilikuwa naichora fupi mno.

Asia alitupokea ufukweni. Akalitazama godoro lake, maji yanachuruzika, akanitazama mimi, hali yangu ile ile, akasema pole kwa wote wawili. Akatupa ming'oko, viazi vya porini vilivyochemshwa kwa chumvi. Nikala nikapata nguvu.

Kisha Mathayo akanishika mkono, jambo ambalo hafanyi mbele za watu, akaniongoza ndani kidogo, nyuma ya minazi, kwenye mikorosho. Kiwanja. Kipande kizuri, sitasema uongo, udongo wa mchanga uliochanganyika na majani yaliyooza. Tofali zimepangwa na kufunikwa makuti. Akasema wakwe wa Hashimu walimkatia yeye mwaka juzi, kijiji kinajua, mambo yote yako sawa. Hapa sebule. Hapa jiko lako, upepo unatokea huku. Hakuna wa kumwomba ruhusa hapa, Mama Gladi.

Mwaka juzi! Na mimi nahesabu samaki wa kwenye mfuko.

Nikiwa bado natafuta la kusema, nikaona masale.

Yamepandwa mpakani, mstari mzima, majani mapana yanang'aa, yamechanua kuliko hata ya kwetu. Moyo wangu uliruka. Nilifurahi kabla sijafikiri. Nilikwenda mbio nikayashika. Ndipo nikakumbuka kiroba kilicholowa, Krismasi ya mwaka juzi, alichokipakata kwenye basi kutoka Moshi mpaka huku. Aliniambia ni machipukizi ya migomba. Migomba yenyewe sikuwahi kuiona ikiota mahali.

Asia akasema watu hapa hawayagusi, wanasema ni dawa ya Wachaga ya kulinda shamba, hata mbuzi hawaingii. Yeye humwagilia kwa mbali. "Na yale ya ndani," akasema, "Baba Gladi alituambia tuyamwagilie chana kuliko haya."

Ya ndani yapi?

Chini ya mkorosho mkubwa. Mawili. Yamekaa sambamba, nafasi kati yake ni kama ya mito miwili ya kitanda.

Nani wa kwetu ataona masale mawili yamekaa hivyo aulize ni ya nini? Nikauliza hivyo hivyo. Mathayo akasema ni ya baadaye.

"La kwangu ni lipi?"

Akafikiri kwamba nauliza kwa wema. "La kushoto. Asubuhi lina kivuli."

Mtu amenipimia kaburi. Amelimwagilia. Amechagua upande wenye kivuli.

Nikamwambia mkataa kwao ni mtumwa. Nilisema kwa sauti, Asia akageuka kutazama minazi. Mathayo akaniuliza, taratibu, na asiye na kwao je? Nikamwambia kwao ni pale mtoto wake alipo. Hapakuwa na mchicha wa kumwagilia, akabaki anafuta mchanga kwenye tofali.

Sikumsemesha tena. Samaki wa Asia sikumwonja, na ugali wa muhogo nikaumega tu. Nilitaka kurudi kwa gari. Gari hakuna mpaka kesho. Basi boti.

Na bahari ilikuwa imeshaamka.

Kurudi, mawimbi yanatoka nyuma. Nilidhani ni afadhali. Si afadhali. Huyaoni yakija, unaona tu uso wa nahodha. Uso wa Hashimu ulikuwa sawa, ulikuwa sawa, halafu haukuwa sawa, na mashine ikazima. Boti ikageuka ubavu. Maji yakaingia kama yameitwa. Mathayo akaanguka juu ya ukingo, nikasikia ubavu wake ukigonga, na nusu yake ikawa nje.

Sikuwa nasema naye, lakini shati lake nililishika. Nililishika kwa mikono yote miwili mpaka vifungo vikakatika, nikamvuta, tukaangukia ndani ya maji ya boti. Hashimu anavuta kamba ya mashine. Tena. Tena. Mathayo na mimi tukachota maji kwa vipande vya madumu, tunatupa nje, tunachota.

Sasa hili ndilo ninalotaka kuliandika, na silipendi. Pale nilipodhani tunakufa, nilingoja niione Kibosho. Migomba, kanisa, Baraka. Sikuviona. Nilichowaza ni kwamba nguo ziko kwenye kamba Magomeni, shuka zile za maua, na kwa upepo huu nani atazianua.

Mashine iliwaka. Tumefika. Shuka alikuwa amezianua Zuhura.

Ijumaa, 13 Juni

Mwili wote unauma. Mathayo ubavu. Daktari anasema haukuvunjika, umepata mshtuko tu. Nimempaka dawa. Unaweza kumpaka mtu dawa bila kusema naye, nimegundua.

Jumapili, 15 Juni

Misa tumekaa benchi moja, katikati yetu wangeenea watu wawili. Padri alituambia tutakiane amani. Nikampa Mathayo ncha za vidole.

Jioni Zuhura alikuja, akanikuta uani nachambua mchele. Mathayo alikuwa kule mwisho na ndoo yake. Zuhura anajua yote, Asia alishampigia. Alitaka kujua hasa kuhusu ile dawa ya kulinda shamba.

Nikamwambia si dawa. Ni isale. Mpaka wa shamba kwetu ni isale, kaburi ni isale. Na mtu akikukosea, hata akukosee vipi, akija na jani la isale amelifunga fundo akakupa, hukatai. Ni mwiko. Unapokea, na kesi imekwisha.

"Hata akichoma nyumba?"

"Hata akichoma nyumba."

Zuhura akasema wanaume wa Kichaga wamepewa upendeleo, huku kwao mwanaume akichoma nyumba anajenga nyingine. Tukacheka. Nilihitaji kucheka. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, anapepeta: sasa sisi tukienda kuzikwa kwetu, ninyi mkienda kwenu, nani atabaki kuwa jirani? Akasema yeye alishazoea kwamba nitakuwa karibu. Alikuwa ameshaanza kufikiri ataniletea nini nikihamia Msimbati.

Kumbe hata yeye alijua. Kila mtu alijua isipokuwa mwenye kaburi!

Ndipo nikasema kwa sauti, makusudi, ndoo ile isikie: yale ya Msimbati si masale. Isale ni la mlimani, linajua baridi, linajua watu wake. Yale ni miti tu, imeota mchangani, mbuzi wanaogopa bure.

Zuhura akasema mbona nti ni nti tu, ukipata maji unaota. Nikamwambia hawezi kuelewa. Akasema labda. Akamaliza kupepeta, akaenda kusali.

Mathayo aliacha kumwagilia. Alikaa muda mrefu na ndoo tupu.

Nikiwa peke yangu nimelifungua begi la zambarau. Nimeweka gauni la kanisani, sweta, rozari ya akiba. Nikatafuta kingine cha kuweka. Sufuria kubwa? Nitampikia nani kule, Innocent ana mke. Shuka za maua? Nilizishika shuka zile, nikazirudisha kabatini. Begi ni kubwa mno, sweta linazunguka ndani.

Jumatatu, 16 Juni

Mathayo hayupo. Nimeamka kitanda kitupu, chai ameacha kwenye chupa, mchicha haujamwagiliwa. Zuhura anasema alimwona anapanda gari la Msimbati akishika ubavu. Akasema Hashimu amempigia, amefika salama, atalala huko.

Gladness amepiga simu tena, anataka tarehe. Nikamwambia baba yake amesafiri. Amesafiri kwenda wapi, Mama, si mpo Mtwara? Nikamwambia mtandao unasumbua.

Mchicha nimeumwagilia mimi.

Jumanne, 17 Juni

Naandika jikoni, kwenye meza ya kukatia mboga. Karatasi imeshika unga. Siinui kichwa.

Mathayo amerudi sasa hivi. Amesimama mlangoni pa jikoni, viatu vina mchanga, mkono wa kushoto umeshika ubavu. Wa kulia umeshika jani la isale. Amelifunga fundo. Amelifunga vizuri, kama alivyofunga baba yake zamani, alipokuja kwa wazazi wangu kumwombea mwanawe radhi.

Hakusema hodi. Alininyooshea tu. Nikakaa. Kalamu ilikuwa mezani, nikaichukua, na ndiyo hii. Najua ni kichekesho, mtu mzima anaandika huku mwenziwe amesimama. Lakini nikiacha kuandika mikono yangu itakuwa mitupu, na mikono mitupu hupokea.

Kwa sababu nikilipokea si kwamba nimesamehe tu. Nimekubali kuwa ni isale. Nimekubali kuwa mchanga ule unaotesha kitu kinachotufunga. Na kulikataa – halikataliwi. Mimi mwenyewe nilisema, kwa kinywa changu, hata akichoma nyumba.

Nimemwambia bila kuinua uso: hilo si isale, Baba Gladi. Limeota mchangani.

Nimesikia chai ikianza kuchemka. Kisha akasema, pole pole, maana ubavu unamkata pumzi:

"Mama Baraka. Mbegu yake niliikata pale kichwani kwake."

Hajawahi kuniita hivyo Mtwara. Tangu tuliporudi kutoka kumzika mtoto, hata mara moja. Nilidhani amelisahau jina lile, au analiogopa.

Kwa hiyo kiroba kile. Njia nzima kutoka Moshi, amekipakata, haruhusu kondakta akiweke kwenye buti. Nilimwambia apumzike, akasema si kizito. Na yale mawili chini ya mkorosho. Na mstari mzima wa mpakani. Yote yametoka kwa Baraka.

Chai inamwagika kwenye jiko. Zuhura amepita uani, amechungulia, amerudi nyuma kimya kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Jani lina mchanga mweupe kwenye kikonyo. Naliona kwa pembe ya jicho, sijainua kichwa.

Bado amesimama. Amebadilisha mkono.